Kifua cha Kuazima

Siku ya kupigwa picha, Mama Wawili alimkalisha mdogo wake kwenye kigoda katikati ya chumba, akamvalisha koti la kazi la mumewe, kisha akachukua suruali ya kazi na kumkung'utia kichwani. Vumbi jeupe likamshukia Pampu kwenye nywele, kwenye nyusi, mpaka ndani ya masikio. Alipiga chafya tatu mfululizo.

"Tulia," dada yake alimwambia. "Unapiga chafya kama mtu ambaye hajawahi kufanya kazi."

"Mimi nafanya kazi."

"Unaziba pancha. Inua shingo nikupake na hapa."

Mwenye koti alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mito miwili nyuma ya mgongo, akitazama mtu mwingine akigeuzwa kuwa yeye. Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Mtaa mzima ulimwita Chokaa, maana kwa miaka kumi na sita alikuwa akisimama mbele ya mdomo wa kinu katika kiwanda cha kusaga mawe, akijaza mifuko ya unga mweupe unaokwenda kutengenezewa rangi na vioo, na jioni alirudi nyumbani mweupe mpaka kope. Siku hizi alikuwa anapumua kwa vituo. Sentensi ya maneno sita aliigawa mara mbili.

"Kofia," alisema, akapumzika. "Ishushe machoni."

Mtoto wao wa mwisho, wa miaka mitano, aliangua kicheko mlangoni. "Mjomba amekuwa baba."

Usije ukawahukumu haraka, msomaji. Mambo yalikuwa hivi. Kila mwaka gari la picha liliingia uani kwa kiwanda, wafanyakazi wakapanga foleni, wakapigwa picha ya kifua mmoja mmoja. Aliyekutwa na vumbi ndani alipumzishwa. Neno tamu hilo, kupumzishwa. Maana yake ni mshahara wa mwezi mmoja, kupeana mkono na msimamizi, na geti. Kwa hiyo wanaume walioanza kukohoa walitafuta kifua kwingine, kwa ndugu, kwa shemeji, kwa mtoto wa kaka aliye mzima. Waliita huko kuazima kifua, na walisema mchana kweupe, kama unavyosema kuazima jembe. Kadi za kazi zilikuwa na picha za tangu siku ya kuajiriwa, na hakuna mtu aliyejaa vumbi usoni anayefanana na picha yake mwenyewe. Walinzi walijua. Nao walikuwa na watoto.

Pampu hakuhitaji kubembelezwa. Jina lenyewe alilipata utotoni kwa kujaza mpira wa miguu kwa mdomo, wenzake wakimshangilia, na sasa alikuwa fundi baiskeli pembeni ya barabara, hajui hata mafua.

"Baba," alisema binti mkubwa. Alikuwa na miaka kumi na tatu, na katika nyumba ile ndiye aliyesoma kuliko wote. "Jana nilipokuletea chakula nilisoma tangazo getini. Limeandikwa mwaka huu wanapiga picha madaktari kutoka nje, kwa sababu ya ile kesi ya wafanyakazi. Watakaokutwa na vumbi watatibiwa na kulipwa kila mwezi."

Mama Wawili aliacha kupaka. Alimtazama mumewe.

"Mwaka juzi pia walisema watatibiwa," alisema Chokaa. Akavuta pumzi. "Fundi mitambo alitibiwa?"

"Alipewa vidonge vya kichwa," mkewe alijibu.

"Na barua."

"Na barua."

"Lakini hili lina mhuri, baba."

"Hata ile barua ya kumpumzisha ilikuwa na mhuri, mwanangu."

Basi, mazungumzo yakaishia hapo. Mimi nimeyarudia mara nyingi kichwani, nikitafuta mtu wa kulaumu ndani ya chumba kile, na sijampata. Mtu aliyeumizwa na mhuri miaka yote atauamini vipi siku hiyo moja ambayo mhuri unasema kweli? Mama Wawili alimfunga mdogo wake vifungo vya koti, akampa kadi namba mia mbili na kumi na mbili, akamwambia asicheke na mtu.

*

Uani kulikuwa na foleni ndefu na kikohozi kingi. Pampu aliwatambua wenzake wa kuazima mara moja. Walikuwa wale wanaosimama wima, mashavu yamejaa, wakijitahidi kuonekana wamechoka.

Mbele yake alisimama mzee mmoja mpakiaji, mkorofi anayejulikana kiwanda kizima kwa jina la Mbishi. Aligeuka, akamtazama Pampu kuanzia kofia hadi viatu.

"Wewe ndiye Chokaa?"

"Ndimi."

"Umenenepa."

"Nakula vizuri siku hizi."

Mbishi alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akakiacha kipite. "Mimi ndugu zangu wote nimegombana nao," alisema akijifuta mdomo. "Nilimwendea mpwa wangu juzi, akanifungia mlango. Kwa hiyo leo nimekuja na changu. Kesho niko barabarani."

Pampu alimwonea huruma kabisa. Ndani ya gari, mwanamke mwenye aproni nzito alimwelekeza asimame, kidevu juu ya ubao, mabega mbele.

"Vuta pumzi. Shikilia."

Akavuta. Akashikilia. Akaendelea kushikilia mpaka yule mwanamke akatoka nyuma ya pazia kumtazama.

"Achia, mzee. Tumeshamaliza." Alisoma kadi. "Miaka kumi na sita kwenye mdomo wa kinu?"

"Kumi na sita."

"Una kifua kizuri." Alimtazama kidogo zaidi ya inavyohitajika, kisha akaandika alichokiona kwenye picha, maana kazi yake ilikuwa kuandika anachokiona kwenye picha.

Siku hiyo nyumbani ilinywewa chai yenye sukari ya kutosha. Pampu aliigiza jinsi alivyotembea kwa kujikokota, jinsi alivyokohoa kikohozi cha uongo, na shemeji yake akacheka mpaka ikabidi mkewe amshike mgongo. Kesho yake Chokaa alikwenda kazini na kofia yake, kifua safi kimeandikwa kwenye faili, akasimama mbele ya kinu.

*

Alisimama hapo wiki tisa. Katika wiki ya kumi alikaa chini bila kuambiwa na mtu, na mfuko aliokuwa akiujaza ukafurika, unga ukamfunika miguu hadi magotini. Msimamizi alimpa wiki ya mapumziko. Ile wiki ilipokwisha hakuweza kutoka mlangoni.

Sasa alilala akiwa amekaa. Akilala chali alizama, ndivyo alivyosema mwenyewe, nazama. Mama Wawili alikuwa dobi wa nyumba nne za jirani, akifulia kibarazani na kupiga pasi ndani, na sikio moja alikuwa ameliacha kwa mumewe muda wote. Akisikia kimya kirefu aliweka pasi ya mkaa juu ya sahani yake, akaenda kutazama. Mara nyingi alikuta jicho limefunguka linamwangalia.

"Bado nipo," Chokaa alimwambia.

"Nilikuja kuchukua hanga la nguo."

"Chukua basi."

Hakukuwa na hanga lolote upande ule.

Orodha ilibandikwa ukutani kwa kiwanda siku ya Jumatatu. Habari ilifika mtaani kabla ya saa nne, na Mama Wawili akatoka na povu mikononi, binti yake nyuma. Watu walikuwa wamejaa getini. Binti alipenya kwapani kwa watu wazima, akasoma namba kuanzia juu hadi chini, kisha kuanzia chini hadi juu. Juu ya orodha kulikuwa na maelezo: wafuatao wamekutwa na vumbi la mawe kifuani, watapewa matibabu, mashine ya hewa nyumbani kwa watakaohitaji, na nusu ya mshahara kila mwezi maisha yao yote.

"Mia mbili na tisa. Mia mbili na kumi na tano," binti alisema. "Mama, baba hayupo."

"Soma tena."

"Nimesoma mara mbili."

"Nimesema soma tena."

Mtu mmoja alikuwa analia kando ya ukuta, analia huku anacheka, akimshika kila anayepita. Alikuwa Mbishi. Alimshika na Mama Wawili.

"Mimi ni mgonjwa, mama. Mgonjwa kabisa, wameandika. Wanangu hawatakufa njaa." Kisha akamtambua, na uso ukamshuka. Alivua kofia. "Chokaa alikuja na cha kuazima?"

"Cha mdogo wangu."

Mbishi alikunja karatasi yake ya majibu, akaikunja tena na tena, akaitia mfukoni ili yule mama asiione, akaondoka taratibu bila kumgusa mtu mwingine yeyote.

*

Karani wa madai alikuwa mtu mpole mwenye sweta lililotoboka kiwiko. Alilitafuta faili, akaitoa ile picha nyeusi ya kifua, akaiinua dirishani. Mama Wawili na Pampu wakaitazama pamoja. Mbavu zilionekana moja moja, na katikati yake weusi mtupu, pasipo hata doa.

"Huyu ni mzima," alisema karani. "Mama, ningekuwa na kifua hiki mimi, ningeimba kanisani na msikitini."

"Sio yeye."

"Namba mia mbili na kumi na mbili."

"Namba ni yake. Kifua ni cha huyu." Alimsukuma Pampu mbele kwa bega.

Karani aliiteremsha ile picha. Akafunga mlango uliokuwa wazi nusu. "Unajua umesema nini? Huo ni udanganyifu. Nikiuandika, hata mshahara wake wa mwezi huu unashikiliwa."

"Kila mtu anafanya."

"Najua kila mtu anafanya." Akakuna kiwiko palipotoboka. "Sikilizeni. Kamati inakaa Ijumaa, na baada ya Ijumaa madai yanafungwa. Mleteni mwenyewe, na picha mpya ya hospitali, na barua ya daktari. Siwaahidi kitu. Lakini bila hiyo picha hakuna hata cha kujadili."

Walipofika barabarani Pampu alisimama. Halafu akasema, "Dada, mimi ndiye niliyemuua."

"Hajafa. Na wewe tulikuomba. Usinipe kazi ya kukubembeleza, sina nafasi."

Pesa ya picha haikuwepo. Ya Pampu ilitosha barua ya daktari na senti za kurudia. Mama Wawili alizunguka chumba kwa macho: kitanda hawezi, sufuria hazina bei, redio ilishakufa. Jumatano asubuhi alichukua pasi, akamwaga majivu, akaifuta mpaka ule mpini wa mbao ukang'aa, akampelekea mama wa duka la kona aliyekuwa akiitamani tangu zamani. Yule mama aliifungua, akaifunga, akachungulia matundu.

"Mbona unaiuza? Utafulia watu nguo zenye mikunjo?"

"Nitanunua nyingine."

"Ya umeme?"

"Ya umeme."

Mama wa duka alimpa chini ya nusu ya bei, akamwongezea kipande cha sabuni, naye akakipokea.

*

Alhamisi Pampu alimpeleka shemeji yake hospitali juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli ya mteja, akiikokota kwa mguu, dada yake akimshika Chokaa kiuno ubavuni. Kila walipofika kwenye kokoto walisimama. Mtu mmoja aliyekuwa amepaki gari aliwatazama muda mrefu, akateremsha kioo, akampa Mama Wawili noti. "Nikiona hivi," alisema, "ndipo ninapojua Mungu amenipa nini." Alikuwa anasema kweli, na machozi yalimlengalenga. Mama Wawili alisema asante. Noti ilitosha maji ya kunywa.

Chumbani kwa picha kijana wa zamu alimsimamisha Chokaa mbele ya ubao.

"Vuta pumzi. Shikilia."

Alivuta. Hakuweza kushikilia. Kikohozi kilimkunja, na picha ikatoka imechezacheza.

"Mzee, usikohoe. Sekunde mbili tu."

Ya pili vilevile. Kijana hakuwa mkali, lakini alitazama boksi lake la filamu. "Nikipiga ya nne nitaulizwa. Hii ya tatu ndiyo ya mwisho."

Pampu aliomba aingie. Alisimama mbele ya shemeji yake, upande wa pili wa ubao, akamshika mikono yote miwili. "Tuvute pamoja, shemeji. Nitazame mimi. Usivute kingi, vuta kidogo tu. Haya. Hapo. Usiachie, usiachie." Mishipa ilimsimama Chokaa shingoni, midomo ikamgeuka rangi ya majivu, macho yamemganda kwenye macho ya Pampu. Kitufe kililia. Pampu aligundua kwamba na yeye alikuwa ameshikilia pumzi, na kwamba yake ilikuwa haijaanza hata kumsumbua.

Picha ilitoka. Mahali pa weusi palikuwa peupe, chembe chembe juu ya chembe chembe, pande zote mbili. Mama Wawili alipoiona vizuri alifurahi. Ndiyo, alifurahi, na akajisikia anafurahi, akakunja midomo ili furaha isionekane.

*

Kamati ilikuwa ya watu watatu na meza moja. Mwenyekiti, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alizibandika picha mbili kwenye kioo cha dirisha, moja kando ya nyingine, akazitazama bila haraka.

"Hizi ni mbavu za watu wawili tofauti."

"Ndiyo," Mama Wawili aliitikia upesi. "Ndicho ninachosema tangu Jumatatu. Ile nyeusi ni ya mdogo wangu, huyu hapa. Mpigeni tena mtaona."

Pampu alikuwa ameshaanza kufungua vifungo.

"Vaa shati lako, kijana," mwenyekiti alisema. "Nikikupiga wewe nitathibitisha kosa. Ugonjwa sitauthibitisha." Aligonga ile picha nyeusi kwa kalamu. "Uamuzi wa kesi unasema picha inayohesabika ni iliyopigwa uani, kwa kadi, mbele ya watu wa chama cha wafanyakazi. Chama chenu chenyewe ndicho kilichodai hivyo, ili kampuni isilete picha za kupika. Nikipokea ya nje kwa mtu mmoja, kampuni itakwenda mahakamani kuvunja orodha nzima. Wapo wagonjwa mia na arobaini humo."

"Lakini mwenyewe huyu hapa." Sauti ya Mama Wawili ilipanda. "Msikilizeni anavyopumua. Nyamazeni wote mumsikilize."

Wakanyamaza. Chokaa alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, mikono juu ya magoti, na ndani ya ukimya ule kifua chake kilisikika vizuri, kila pumzi ikiingia kwa kuvutana na kutoka kwa mluzi. Alijaribu kupumua polepole, kwa aibu, kama mtu aliyekamatwa akila kwa sauti. Karani alitazama sakafu. Mwenyekiti alivua miwani.

"Nimesikia, mama," alisema. "Ila siwezi kuandika kwamba nimesikia."

Alivaa miwani tena.

"Kwa huruma hatutaandika udanganyifu. Ataandikwa ameacha kazi kwa hiari yake, na mshahara wa mwezi atalipwa. Wengine wasingewafanyia hivyo. Shukuruni kwa hilo."

"Asante," alisema Mama Wawili. Mdomo wake ulilisema lile neno kabla yeye hajaamua, kwa mazoea ya miaka mingi ya kukabidhi nguo za watu.

Nje, karani aliwafuata mbio mbio na picha zote mbili ndani ya bahasha. Faili limefungwa, alisema, wanaweza kuzichukua. Halafu akasema lile jingine, na alilisema kwa nia njema, hilo sina shaka nalo.

"Kuna nafasi. Desturi ya hapa nafasi ya mtu inakwenda kwa ndugu yake kwanza. Mdomo wa kinu uko wazi, na kijana mwenye kifua kama hiki angeanza Jumatatu. Kuna na ya kushona mifuko, palepale nyuma ya kinu, ile wanachukua wanawake. Jumatatu saa moja."

*

Nyumbani Chokaa aliomba aione ile nyeusi. Binti yake aliiinua dirishani kwa mikono miwili. Chokaa aliitazama kwa muda, hata mtoto mdogo akachoka akatoka kwenda kucheza.

"Safi," alisema. Akapumzika. "Ndicho kilichotulisha wiki tisa, hicho." Akapumzika tena, mara hii zaidi. "Asante, shemeji."

Pampu angependa atukanwe. Angejua pa kuweka tusi. Ile asante hakujua aiweke wapi, akaaga kwamba ana tairi la mtu, akatoka.

Sasa nitasema kilichokuwa moyoni mwake, maana yeye mwenyewe hakumwambia mtu. Alikuwa anashukuru. Alipofika kwenye kibanda chake cha baiskeli alivuta pumzi mpaka mwisho, ikaingia yote, akaitoa, akavuta nyingine, na kila moja ilimjia tamu. Aliiona ile picha nyeupe, akaiona ile nyeusi, akajua ya kwake ni ipi, na moyo ukasema afadhali. Alijichukia. Aliwaza kitanda kile, mito ile miwili, watoto wale, pasi iliyouzwa, na badala ya machozi ikamjia afadhali tena, afadhali sio mimi. Alifanya kazi kwa hasira siku hiyo yote na kumharibia mteja tyubu nzima.

Jumamosi alikwenda kwa dada yake na nyama kidogo. Alingoja aulizwe. Jumapili akaenda tena, na mafuta ya kupikia, akakaa mpaka wote wakachoka kumtazama. Alikuwa ameandaa majibu mawili, la kukubali na la kukataa, na hakujua lipi lingetoka. Chokaa alimwuliza habari za mpira. Mama Wawili alimwuliza kama ameona mahali wanauza mkaa rahisi. Hakuna aliyetaja mdomo wa kinu. Jumatatu saa moja asubuhi alikuwa kibandani, anatazama barabara inayokwenda kiwandani, na mikono yake haikushika kitu mpaka saa moja ilipopita. Hapo ndipo alipofungua sanduku la spana.

Alasiri aliwapitia. Binti mkubwa alikuwa kibarazani, hakwenda shule, anakamua kitambaa cha maji moto cha kumkandia baba yake mgongo.

"Mama yako yuko wapi?"

"Kazini, mjomba."

"Kazi gani? Si pasi hana?"

Binti alionyesha kwa kidevu: mama yake alikuwa anaingia getini. Alikuwa amefunga kitambaa puani na kichwani, na kati ya vitambaa viwili alikuwa mweupe, kope zote. Vidole vilikuwa na alama za sindano ya mifuko. Mtoto mdogo alitoka mbio, akasimama, akacheka.

"Mama amekuwa baba."

Chumbani Chokaa alisikia. Alikigeuza kichwa ukutani.

"Wamenipiga picha ya kuanzia," Mama Wawili alimwambia mdogo wake akishusha kitambaa. "Safi kabisa. Wameniambia nina kifua kizuri. Nikawaambia ndicho kifua cha kwetu." Alijaribu kucheka, na Pampu naye akajaribu.

"Dada. Mbona hukuniambia niende mimi?"

"Ungekwenda?"

Pampu alifungua mdomo. Ndoo ilikuwa chini ya bomba inajaa, na wote wawili waliitazama mpaka ikafurika. Pampu alifunga bomba.

"Basi," dada yake alisema bila uchungu wowote. "Nimekuondolea mzigo huo. Nimwagie maji, vumbi linawasha."

Aliinama. Pampu alichota kwa kopo, akammwagia kichwani, kisha shingoni, taratibu, akisugua nyuma ya masikio kama dada yake alivyomsugua utotoni. Alikohoa mara moja, dada yake, kikohozi kidogo cha mtu aliyepaliwa. Maji yalimtoka meupe, yakakusanyika kwenye saruji, yakaanza kumjia Pampu kwenye ndala zake. Akasogeza mguu.

Mama Wawili aliuona ule mguu ukisogea. Aliinamisha kichwa zaidi, akasema, "Endelea."